Herufi Moja Isimnyime Mtu Haki Yake



Katika tafakari ya wiki hii tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo kwa macho ya wengi ni dogo, lakini kwa wenzetu wengine limekuwa chanzo cha machozi, nalo ni namna majina ya wazee wetu yalivyoandikwa katika vitabu vya kale vya ubatizo. Hapa Ifakara na katika bonde zima la Kilombero, watu wanaofika katika ofisi za parokia kuomba vyeti vya ubatizo si wale wanaotaka kufunga ndoa peke yao. Wapo wanaotafuta cheti cha marehemu baba au babu, kwa sababu kuna shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, au kuna shamba la mpunga ambalo ukoo unataka kulithibitisha mbele ya serikali ya kijiji. Wapo wazee ambao hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, nao wanahitaji uthibitisho wa kupeleka RITA au NIDA.

Basi kitabu hufunguliwa, mwaka hutafutwa, kijiji huonekana, majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo hupatikana. Kisha linatazamwa jina lenyewe, na hapo furaha inageuka kuwa mashaka, kwa kuwa jina lililo kitabuni na lile lililo katika kitambulisho havifanani. Hapo husikika majibu mawili. Jibu la kwanza husema, “Huyu siye, jina ni tofauti.” Jibu la pili husema, “Padre, tubadilishieni hapo kitabuni, ni herufi mbili tu.” Maoni yetu, ndugu zangu, ni kwamba majibu yote mawili ni mabaya. Kitabu cha kale hakipaswi kukataliwa kwa sababu ya herufi, wala hakipaswi kubadilishwa kwa sababu ya herufi. Kinapaswa kusomwa kwa kumfahamu aliyekiandika.

Ni nani aliyeandika?

Tukumbuke historia yetu. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walifika katika nchi hii mwaka 1888, wakaanzia Pugu. Mwaka 1902 walifungua misheni ya Kwiro, huko Mahenge, na kutoka huko imani ilienea mpaka huku bondeni. Hao walikuwa Wajerumani. Walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi yao ilikuja kushikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika mwaka 1921, na wengi wao walizaliwa upande wa Uswisi unaozungumza Kijerumani. Kwa hiyo, ingawa bendera ya serikali ilibadilika kutoka ya Kijerumani kuwa ya Kiingereza, kalamu iliyoandika katika vitabu vya ubatizo iliendelea kushikwa kwa miaka mingi na mkono uliojifunza kuandika katika shule za Kijerumani.

Wakati huo hapakuwa na namna moja ya kuandika Kiswahili, licha ya Kipogoro, Kindamba, Kimbunga au Kibena. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili na tahajia yake, ilianzishwa mwaka 1930. Kabla ya hapo kila mwandishi aliandika kadiri sikio lake lilivyosikia na kadiri mkono wake ulivyozoea. Padre Mjerumani aliyesikia jina la mtoto likitamkwa na mama yake hakuwa na kitabu cha kumwonyesha liandikwe vipi. Mama mwenyewe mara nyingi hakujua kusoma, hivyo hakuweza kusema, “Hapana, Padre, hapo umekosea.”

Alama za kalamu ya Kijerumani

Ili tuelewe namna hiyo ya kuandika, si lazima tuanze na majina ya watu. Ramani za zamani za Kijerumani zatosha kutufundisha, kwa kuwa miji yenyewe twaijua.

Bagamoyo iliandikwa Bagamojo, na Tanganyika iliandikwa Tanganjika, maana herufi j kwa Mjerumani hutamkwa kama y yetu. Hivyo basi, tukikuta j katika kitabu cha kale, tusikimbilie kuisoma kama j ya jembe. Kadhalika nj huweza kuwa ny, kama Wanyamwezi walivyoandikwa Wanjamwesi. Sauti yetu ya j wao waliiandika kwa herufi mbili au zaidi: Ujiji ikawa Udjidji, na Kilimanjaro ikawa Kilimandscharo.

Moshi iliandikwa Moschi na Arusha iliandikwa Aruscha, maana sh yetu ni sch yao. Sauti ya ch waliiandika tsch, ingawa sikio nalo lilikuwa na mambo yake, kwani Wachagga waliandikwa Wadschagga.

Zanzibar iliandikwa Sansibar, Uzaramo ikaandikwa Usaramo, na Mwanza ikaandikwa Muansa. Hapa tunajifunza mambo mawili: kwamba s yao mara nyingi ni z yetu, na kwamba w yetu iliweza kuandikwa u. Walipotaka kuonyesha s halisi, mara nyingi waliandika ss, ndiyo sababu Kilosa iliandikwa Kilossa na Songea ikaandikwa Ssongea. Herufi w yenyewe kwa Mjerumani hutamkwa kama v. Kwa hiyo w iliyo kitabuni yaweza kuwa w ya kweli au yaweza kuwa v, na v yenyewe yaweza kuwa f.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote kwa watu wa upande wetu ni wa Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani walimwandika Quawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, ulidai fuvu lake lirudishwe, na humo ameandikwa Mkwawa. Wahehe wenyewe katika lugha yao hulitamka jina hilo kwa sauti iliyo karibu zaidi na Mkwava. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954, na hakuna aliyesimama kusema kwamba Quawa na Mkwawa ni watu wawili. Mbona basi tunalisema hilo kwa urahisi juu ya mkulima wa kawaida wa Ifakara?

Mwandiko na Kilatini

Zaidi ya tahajia kuna mwandiko. Mjerumani wa zama hizo alijifunza shuleni miandiko miwili, ule wa Kilatini tunaoujua sisi, na ule wa Kijerumani cha zamani. Katika mwandiko huo wa pili, e ndogo hufanana mno na n, s ndefu hufanana na f, na juu ya u huwekwa alama ndogo iliyopinda ili isichanganywe na n. Padre aliyekuwa akiandika Kilatini kwa kawaida alitumia mwandiko wa Kilatini, lakini mkono uliochoka baada ya kubatiza watu wengi huweza kurudi katika mazoea ya utoto. Msomaji wa leo anayeona f mahali ambapo hapana maana ajiulize kama si s. Asiitunge familia mpya kwa sababu ya mkia wa herufi.

Kisha kuna Kilatini chenyewe, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya vitabu vyetu. Katika Kilatini jina hubadilika mwisho wake kadiri ya kazi yake katika sentensi. Mtoto wa Franciscus huandikwa “filius Francisci”, na mtoto wa Josephus na Maria huandikwa “filius Josephi et Mariae”. Asiyejua hilo anaweza kunakili kwamba baba aliitwa Francisci au Josephi, na kosa hilo likaingia katika cheti, kutoka cheti likaingia shuleni, na kutoka shuleni likaingia katika kitambulisho.

Majina ya watakatifu nayo yana sura nyingi. Carolus wa kitabuni ndiye Karl wa padre, ndiye Karoli wa nyumbani, na huenda ndiye Charles wa kitambulisho. Henricus ni Heinrich, ni Henriki, ni Henry. Jacobus ni Yakobo, naye kwa Kiingereza amekuwa James. Mtu mmoja aweza kubeba sura tatu za jina moja katika nyaraka tatu, bila udanganyifu wowote.

Jina la ukoo lilikuwa nini?

Jambo lingine linalosahauliwa ni kwamba wazee wetu hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Ulaya, yaani jina moja linaloshikwa na watoto, wajukuu na vitukuu bila kubadilika. Mtu alikuwa na jina lake alilopewa nyumbani, na alitambulishwa kwa jina la baba yake. Mtoto wake naye alitambulishwa kwa jina la huyo baba, si la babu. Katika kitabu cha ubatizo, jina lililowekwa baada ya jina la mtakatifu laweza kuwa jina la nyumbani la mbatizwa mwenyewe, laweza kuwa la baba yake, na laweza kuwa la ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebatizwa akiwa mtu mzima na mwingine akiwa mtoto mchanga, wanaweza kuonekana kitabuni kana kwamba hawana uhusiano.

Tena kuna matamshi yetu sisi wenyewe. Hata kabila huandikwa Wapogoro na Wapogolo, na huko bondeni l na r hupokezana katika vinywa vya watu wa nyumba moja. Hilo si kosa la Mjerumani.

Tutoe mfano kwa jina la kubuni. Tuseme mzee mmoja aliitwa Chivaya. Alibatizwa kabla ya mwaka 1914, akaandikwa Tschiwaja. Mwanawe wa kwanza alipelekwa shule, na mwalimu aliyelikuta jina katika cheti cha baba akalisoma kwa kanuni za Kiswahili, akamwandika Chiwaja. Mwanawe wa mwisho alibatizwa katika miaka ya 1950, baada ya tahajia mpya kuzoeleka, akaandikwa jinsi lilivyotamkwa nyumbani, Chivaya. Leo wajukuu wamesimama mbele ya hakimu wakiwa na majina matatu, na mmoja wa upande wa pili anasema, “Hawa hawahusiani na marehemu.” Herufi zinamsaidia, ingawa ukweli haumsaidii.

Maandiko yanatuonya

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, twasoma habari za Wagileadi waliovishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi, na Mwefraimu aliyeshindwa kutamka sh akasema Sibolethi, aliuawa. Maandiko yanataja watu 42,000 walioanguka wakati ule. Tofauti kati ya sh na s ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya uhai na mauti. Tunaposoma habari hiyo tunasikitika, lakini tunapomrudisha mjane nyumbani bila cheti kwa sababu kitabu kina sch naye ana sh, tumesimama kwenye kivuko kilekile.

Mfano wa pili umo katika Kitabu cha Ezra, sura ya 2. Waisraeli walirudi kutoka uhamishoni, na familia kadhaa za makuhani zilitafuta majina yao katika orodha ya nasaba zisiyaone. Mmoja wa mababu zao alikuwa ameoa katika nyumba ya Barzilai Mgileadi, akachukua jina la ukweni. Tazameni basi, hata wakati ule jina lililobadilika lilileta matatizo ofisini! Liwali hakuwaruhusu kula vitu vitakatifu sana, kwa kuwa orodha ilikuwa haiwataji. Lakini pia hakusema kwamba jambo limekwisha. Aliliweka kando mpaka atakapopatikana kuhani mwenye uwezo wa kuuliza na kupata jibu la Mungu. Hekima yake ndiyo tunayoiomba. Tofauti ya jina iwe mwanzo wa uchunguzi, isiwe mwisho wake.

Kitabu kisiguswe, mtu asikatwe

Kanisa limeweka kumbukumbu hizi kwa karne nyingi. Rituale ya Kirumi ya mwaka 1614 iliagiza kitabu cha ubatizo kiwepo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 877, inamwagiza paroko aandike bila kukawia jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Kanuni ya 535 inaagiza vitabu vya kale navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kutunza hakumaanishi kuviokoa na mchwa na mafuriko ya bonde hili peke yake. Kunamaanisha pia kuviokoa na kalamu zetu. Paroko anayefuta Tschiwaja na kuandika Chivaya juu yake, hata akiwa na nia njema, ameharibu ushahidi uleule aliotaka kuusaidia. Kesho hakimu atauliza ni nani aliyefuta na kwa nini, na kitabu kizima kitapoteza heshima yake.

Tunapendekeza hivi. Cheti kitolewe kwa jina lililo kitabuni, herufi kwa herufi. Pamoja na cheti hicho paroko aandike barua ya maelezo, yenye mhuri, inayotaja namba ya kitabu na namba ya ubatizo, na inayoeleza kwamba jina hilo kwa tahajia ya leo huandikwa kwa namna fulani, na ni kwa ushahidi gani mtu huyo anatambuliwa. Panapohitajika nyongeza kitabuni, iandikwe pembezoni kwa idhini ya ofisi ya Askofu, ikiwa na tarehe na sahihi, na andiko la kwanza libaki linasomeka. Nasi tunaohamishia kumbukumbu katika kompyuta tuwe na nafasi mbili, moja ya jina kama lilivyoandikwa na nyingine ya jina linalotumika leo. Kijana anayechapa asiachiwe kazi ya kusahihisha wamisionari.

Ushahidi wenyewe upo mwingi kwa anayeutafuta. Kuna tarehe, kijiji, majina ya wazazi na jina la msimamizi. Tena, tangu Pasaka ya mwaka 1908, amri ya Papa Pio X iitwayo Ne Temere ilipoanza kutumika, ndoa ya Mkatoliki inapaswa kuandikwa pembezoni mwa ubatizo wake. Alama ndogo ya pembezoni ikitaja mwenzi wa ndoa, mahali na tarehe, inathibitisha zaidi kuliko herufi kumi zinazofanana. Wenye wazee wa zamani wakumbuke pia kwamba Jimbo la Ifakara limezaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, ambalo nalo ni la mwaka 1964. Ubatizo usioonekana hapa mjini huenda umo katika kitabu cha misheni mama.

Hata hivyo, tusiende upande wa pili kwa pupa. Kama tofauti ya herufi haithibitishi kuwa watu ni wawili, basi ufanano wa herufi nao hauthibitishi kuwa mtu ni mmoja. Majina ya nyumbani yalirudiwa katika vijiji vingi, na padre mmoja aliweza kuyaandika kwa namna moja kwa watu wasiojuana. Ardhi ya bonde letu imekuwa na thamani kubwa kwa sababu ya mpunga, miwa na mitiki, na wapo wanaotafuta marehemu wa kufanana nao jina ili wapate shamba. Ofisi ya parokia isiwe mlango wa dhuluma hiyo. Ndiyo maana tunasema atambuliwe mtu kwa wazazi wake, kijiji chake, wasimamizi wake na ndoa yake, na jina lije kama shahidi mmoja kati ya mashahidi wengi.

Wala hatuwalaumu maofisa wa serikali wanaodai majina yalingane. Wao hawakuona kitabu, na kazi yao ni kulinda kumbukumbu za nchi. Ni wajibu wetu sisi tulio na vitabu kuwaeleza kwa lugha nyepesi na kwa maandishi. Ofisa akiipata barua nzuri ya maelezo pamoja na hati ya kiapo, ana mahali pa kuanzia. Akipata cheti kilichokwaruzwa kwa wembe, anayo haki ya kukikataa.

Nanyi, wapendwa waamini, msingoje msiba. Leo, wazee wakiwa hai, kaeni nao, waulizeni waliitwaje nyumbani, baba yao aliitwaje, walibatizwa wapi na nani alikuwa msimamizi wao. Andikeni na mwaka. Mnapomleta mtoto abatizwe, njoni na jina mlilolikubali baba na mama, na litazameni jina kabla ya kuondoka ofisini. Padre wa leo hana udhuru aliokuwa nao yule wa mwaka 1905, kwa kuwa leo mnajua kusoma nanyi mnaweza kumsahihisha papo hapo.

Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Tunaamini kwamba huko Mungu amewatambua wote walioandikwa Tschiwaja, Chiwaja na Chivaya, wala hakuna aliyeombwa hati ya kiapo. Sisi tulio duniani hatuna ujuzi huo, hivyo tunapaswa kusoma polepole, kuuliza na kuandika kwa uaminifu, ili aliye mwana wa nyumba asilale nje ya nyumba ya baba yake.

Tunawatakia Dominika njema. Amani na mema!

Paroko wenu